Jina Alilolificha Alte

Katika mji wetu wa Zaverche hakuna aliyejua kukaanga latke, zile chapati ndogo za viazi, kama Alte, muuza mafuta ya bata bukini, na hakuna aliyekuwa mkali kama yeye kwa wasiojua. Tulipakana ukuta kwa ukuta. Kila Hanuka, sikukuu yetu ya taa, alinisumbua nikamkamulie viazi, kwa sababu mikono yangu ni mipana kama ya mwanamume.

"Kamua, Basye! Unakamua au unabembeleza? Maji yakibaki, tutakula uji."

Yeye alikwaruza viazi kwenye bati lenye matundu mpaka vidole vikachubuka, mimi nikavifunga kitambaani na kuvinyonga. Maji aliyaacha yatulie bakulini, akayamwaga taratibu, kisha akakwangua wanga mweupe uliobaki chini na kuurudisha kwenye viazi. Ndiyo maana latke zake zilikauka pembeni na kulia mtu akizitafuna. Nimewaeleza wanawake wa hapa mara ngapi, na bado wanamwaga wanga mtaroni.

Alte maana yake ni Kizee, na aliitwa hivyo tangu akiwa na meno ya utoto. Homa ilipopita mtaani kwao ikizoa watoto, mama yake alikimbilia sinagogi akalia mbele ya kabati la Torati, na wazee wakambadilishia mtoto jina. Malaika wa Mauti huja akiwa na jina la mtu. Akimtafuta mtoto akamkuta Kizee, hurudi mikono mitupu. Jina la kwanza likapigwa marufuku. Aliniambia mimi tu, siku tuliyomzika mumewe, tena kwa kuninong'oneza sikioni: Toybe.

Tatizo ni kwamba Alte aliupenda mno utoto wake. Alimsimulia mwanawe Zelik kana kwamba anamsema mtu mwingine: Toybe alipanda paa, Toybe alitumbukia kwenye pipa la matango, Toybe akaugua, na hapo hadithi ikaishia. Nilimwonya kwamba anachezea moto. Akanicheka.

Mwaka mmoja Pesye, mke wa Zelik, alijifungua binti humo nyumbani kwa Alte siku chache kabla ya sikukuu. Asubuhi moja ya Hanuka Zelik alikwenda sinagogi kumpa mtoto jina, lakini aliporudi hakusema ni lipi. Alishinda anatabasamu peke yake kama mpumbavu. Kufika mchana mtoto alikuwa anachemka kwa homa na hataki ziwa.

Jioni, mimi na Alte tukiwa kwenye viazi, Zelik akashindwa kuvumilia.

"Mama, nina zawadi yako. Mtoto nimempa jina la marehemu dada yako."

"Dada yangu yupi?"

"Si yule uliyekuwa ukitusimulia habari zake? Toybe."

Sisi hatumpi mtoto jina la mtu aliye hai, maana malaika akija kumchukua mmoja anaweza kuondoka na mwingine. Alte alishika ukingo wa meza.

"Umelitamka mbele ya Torati?"

"Mbele ya mji mzima! Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi, mwanangu. Washa taa, uende ukanywe na wenzako."

Nilifungua mdomo, akanikanyaga mguu chini ya meza. Zelik aliwasha taa za Hanuka dirishani, akaimba vibaya kama kawaida yake, akatoka. Nikamrukia Alte.

"Mwambie alibadilishe!"

"Torati haifunguliwi mpaka asubuhi." Alitazama susu ya mtoto kando ya jiko. "Asubuhi ni mbali."

Kwa mila yetu, taa zile zikiwaka, mwanamke hashiki kazi. Tukakaa, mikono mapajani, sufuria baridi, viazi vikigeuka vyeusi bakulini. Pesye alikuwa amelala fofofo chumbani. Ndipo sauti ikaita kutoka uchochoroni.

"Toybele."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya mama anayemwita mwanawe kwa jina la kudekeza aje kula. Nilichungulia. Theluji ya uchochoro mzima haikuwa na unyayo hata mmoja.

"Ni mama," Alte akasema.

"Nyamaza. Mama yako yuko makaburini, na wewe unajua."

"Toybele." Safari hii ilitoka palepale kwenye kioo. Ndimi za taa zote zikainama kuelekea dirishani, na hakukuwa na upepo. Ndani ya susu, kile kichanga kikageuza kichwa upande wa sauti, kikafumbua mdomo. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilitaka kumziba mtoto mdomo kwa kiganja changu asiitike, na mwili haukunisikia.

Alte alinyanyuka, akaenda dirishani.

"Nipo, mama," akasema. "Toybe ni mimi. Huyu hana jina bado."

Ndimi za taa zikasimama wima. Mtoto akapiga chafya, kisha akalia kilio cha njaa mpaka Pesye akaamka. Nilimgusa mtoto paji la uso. Lilikuwa na jasho la baridi; homa ilikuwa imemtoka.

Taa zilipozimika, Alte aliwasha jiko. "Usiniduwalie, Basye, kuna watu watakula." Latke zilikuwa za kijivu kwa kungoja, lakini zilikauka kuliko za mwaka wowote. Alikula moja akiwa amesimama, akaniachia mwiko.

"Nimechoka. Geuza hizo zilizobaki."

Nilizigeuza. Nilipompelekea sahani kitandani, alikuwa ameshakwenda.

Wanawake wa kuosha maiti walipokuja waliuliza jina la kumtajia marehemu. Zelik akasema, "Alte binti Rivke."

"Hilo la kujifichia," nikamwambia. Nilikuwa na hasira naye, nikataka asikie mbele za watu.

"Kwani la kweli ni lipi?"

Nikamwambia. Aligeuka akamtazama binti yake aliyelala, akajiziba mdomo kwa kiganja, na hasira yangu yote ikaniisha. Yule mtoto sasa anakimbia uani kwetu, na baba yake, asiyethubutu kulitamka jina lile, humwita "wewe".