Ubao wa Shemeji Barazani Karatu

Dada yangu Emiliana, aliyeolewa Mbulumbulu, ndiye aliyenituma Karatu nikamtoe mumewe mahabusu. Shemeji Boay alikuwa ameandika kwa chaki, kwenye ubao wa habari wa kijiji, kwamba sukari ya duka la kijiji inauzwa kwa magendo. Wakamkamata kwa uchochezi. Wangemwachia, mradi atamke mbele ya watu kuwa alidanganya. Ngano ilikuwa imekomaa, na dada alimtaka mumewe, si ushujaa wake. Nami, fundi cherehani nisiyegombana hata na sindano, nikakubali.

Arusha niliondoka asubuhi juu ya lori la mbolea. Mto wa Mbu tulinunua ndizi. Tulipoanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa nilikuwa nikirudia kwa sauti maneno ya kumshawishi shemeji, na abiria mwenzangu akahamia upande wa pili.

Karatu tulifika mchana, siku ya mnada. Polisi walikuwa wameuleta ubao wenyewe kama kidhibiti, wakiubeba kwa uangalifu chaki isifutike. Kwa kuwa ofisi ilikuwa ndogo, waliuegemeza barazani. Habari iliyosomwa na wanakijiji wachache sasa ilisomwa na mnada mzima.

Mzee wa Kimaasai aliyeleta ng'ombe kutoka Nainokanoka akanishika mkono.

"Mwanangu, nisomee. Macho yangu haya yanajua ng'ombe tu."

Ningemkataliaje mtu mzima? Nikasoma, watu wakasogea. Karibu na mwisho nikakohoa kidogo, kisha nikamalizia.

"Umeruka mstari, shemeji," sauti ikatoka kwenye kidirisha cha mahabusu.

"Kuna mstari umebaki?" mzee akauliza.

Sajini alikuwa mlangoni. "Umeshamaliza. Nenda zako," akaniambia kwa upole.

Niliogopa, tena sana. Lakini mzee alikuwa bado amenishika mkono, na mle ndani mtu alikuwa akisubiri. Nikausoma: "Anayeitoa ni Mwenyekiti mwenyewe, kwa trekta la kijiji."

Mle mahabusu waliponisukumia, shemeji alinisogezea nafasi sakafuni.

"Karibu. Ulikuja kuniambia nini?"

"Nimesahau."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimwona amekonda, nikamhurumia.

Kesho yake waliniachia mimi, yeye akabaki. Mbulumbulu nilimkuta dada akivuna pamoja na majirani.

"Nilikutuma ukamtoe, nawe ukaingia," akasema. "Ameomba radhi?"

"Hajaomba."

Akaniuliza kama anakula. Nikamwambia anakula kidogo. Alijifuta macho kwa khanga, akaendelea kuvuna mpaka jua lilipopungua makali.

Jioni alinipeleka dukani. Ukutani ilibaki misumari tu iliyokuwa imeshikilia ubao. Akanipa kipande cha chaki.

"Ule mstari unaukumbuka?"

Nilikuwa nimejifunza huo tu katika safari nzima. Nikauandika ukutani, bila kukohoa.