Ukimya Uliofika Hombo

Usiku ule Vestine hakulala. Alikaa ukingoni mwa mlima, juu ya shamba lake la maharage, shuka kichwani na simu kifuani, maana pale tu ndipo rezo, mtandao wa simu, ilipokamata. Mnara wa simu wa upande wao ulichomwa moto wakati wa mapigano ya miaka iliyopita na hakuna aliyekuja kuusimamisha tena. Tangu hapo mlima mzima ulitumia kadi za simu za nchi jirani. Mnara wa ng'ambo, pamoja na umbali wake, ulifika hadi ukingo huo wa Masisi, na watu wakaushukuru kama unavyomshukuru jirani aliyekuazima moto.

Alikuwa akingoja sauti ya mwanawe Cyusa. Kijana huyo alipakia fromaji, jibini la mlimani, kwenye pikipiki, akashuka nazo Walikale kule msituni, na bei ikiwa mbaya akaendelea hadi Hombo. Safari hii bunduki zilianza kulia nyuma yake. Simu yake iliingia maji, akabaki na njia moja tu ya kusema na kwao: ukurasa wa sauti uliofunguliwa na makanisa. Msafiri aliazima simu ya mtu yeyote, akaacha sauti chini ya jina lake. Nyumbani waliifungua, wakasikiliza, wakaacha yao.

Karibu na alfajiri ukurasa ulifunguka.

"Mama, ni mie Cyusa. Niko Hombo, pikipiki iko muzima, fromaji yote ilikwisha. Nikipata njia nitapanda. Musifunge mulango."

Vestine aliisikiliza, akairudia, akaibana simu sikioni hata ilipokuwa imenyamaza. Kisha akashuka nyumbani kuchochea moto, akimshukuru Mungu.

Neno la mlango halikuwa mzaha. Katika nyumba ile, mtu akienda safari, mama ndiye aliyeondoa komeo na kulisimamisha ukutani. Halikurudishwa mpaka msafiri aingie, wala mkono mwingine haukuligusa bila ruhusa yake. Mama mkwe alimwachia desturi hiyo pamoja na jembe na chungu. Sasa majirani walipiga makomeo hata kabla jua halijazama, lakini la Vestine liliegemea ukuta tangu Cyusa aondoke.

"Tunalala kama watu waliokufa," mumewe Athanase alinung'unika. "Mulango wazi, na batu banatembea na silaha."

"Funga macho yako, Papa Estelle," alijibu, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa. "Mulango ni wangu."

Vestine hakusoma sana. Aliacha shule mamake alipougua, akabaki na hesabu za kugawa mbegu. Dunia aliisoma kwa macho na masikio. Mbwa wakibweka alijua kama ni mgeni au ni mtu wa nyumbani aliyelewa. Moshi ukikosekana kwenye bonde, alijua watu wamekimbia. Wiki ile moshi ulikosekana upande wote wa njia ya Walikale, na chini kwenye daraja alisikia milio ya risasi mara mbili. Kwa hiyo kila jioni alipanda ukingoni, akafungua ukurasa, akakuta sauti ileile: niko Hombo, musifunge mulango. Moyo ukatulia. Mwanangu hajatoka, alijiambia. Ana akili, anangoja.

Jumatatu, Dancille, jirani aliyepeleka fromaji sokoni Masisi, alirudi akaweka kikapu chini bila kusalimia.

"Mama Estelle, mulimujibu nini mutoto?"

"Kumujibu nini? Hakuuliza kitu."

"Hakuuliza? Mie nilisikia na masikio yangu, Masisi, kwa simu ya muntu mwenye kadi ya Kongo. Nikamuomba airudilie, nikaisikia tena na tena." Akamtazama Vestine usoni, akaacha kusema haraka. "Aliuliza njia, mama."

Kisha akayasema maneno ya Cyusa polepole, kama mtu anayesoma zaburi kanisani: Mama, Papa, hapa Hombo bamoja banasema njia iko muzuri, bengine banasema iko mubaya. Nyinyi njo munaona. Kama iko mubaya, muniachie sauti, nitabakia hapa. Kama munanyamaza, nitajua iko muzuri. Siku ya Mungu nitatoka.

Siku ya Mungu ilikuwa jana.

Vestine alipanda mlima bila viatu. Binti yake mkubwa, Estelle, alikuwa mjini, na kazi yake ilikuwa kuutunza ukurasa huohuo. Aliwahi kumweleza mama kwa mfano wa maghala ya maziwa: ukurasa hauwekwi nyumba moja, nakala zake ziko kwenye maghala ya kampuni mbalimbali, mbali na mbali. Mtu akibisha hodi, kuna mlinzi njiapanda anayemtazama anatoka wapi, kisha anamtuma kwenye ghala lililo karibu na lisilojaa. "Mie njo ninamwambia mlinzi atume nani wapi," alisema wakati ule, na Vestine akatembea kanisani kichwa juu mwezi mzima.

"Estelle," alisema sasa kwenye simu, akihema, "kwa nini mie ninasikia Cyusa wa zamani?"

Estelle aliuliza maswali mawili, kisha la tatu.

"Mama, unatumia kadi ya ng'ambo?"

"Wote tunatumia. Wewe mwenyewe ulitumia ukiwa hapa."

Estelle alianza kulia. Kisha maneno yakaja vipande vipande. Mapigano haya yalipoanza, watu walibisha kwa maelfu, ghala zuri likalemewa. Estelle akamwamuru mlinzi: simu za Kongo ziende ghala zuri, lenye sauti mpya, maana hao ndio wenye shida. Simu za nchi jirani ziende ghala la kampuni nyingine, ambalo nakala zake zilikawia kubadilishwa siku hata siku.

"Nilisema hao ba ng'ambo banasikiliza tu. Nilisema ba kwetu njo bapite mbele. Mama, sikufikiri mulima wetu. Mlinzi haoni mulima, anaona kadi."

Athanase, aliyemfuata mkewe, alikuwa amesimama nyuma yake. Alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyepigwa.

"Babu yangu alizikwa hapa," alisema. "Tumeitwa bageni na kila muntu. Sasa na mashine, kwa mukono wa mutoto wetu."

"Nyamaza, Papa Estelle, analia."

"Na alie."

Estelle alibadilisha amri ya mlinzi saa hiyohiyo. Vestine akafungua ukurasa, na sauti mpya ikaja safi, karibu, kama kijana amekaa kwenye majani kando yake. Aliacha yake pia, akipiga kelele kwenye simu: usitoke, mwanangu, njia ni mubaya, bakia! Alijua anapigia kelele mahali patupu.

Polycarpe, dereva wa lori la mbao, ndiye aliyeleta habari zilizobaki, alipofika kwa kuzunguka mbali. Alimwona Cyusa Hombo asubuhi ya Jumapili akikaza kamba za mzigo.

"Nilimwambia, we motari wa pikipiki, ngoja kidogo. Akanicheka: Mama yangu anaona hata panya akivuka barabara. Angeona kitu angesema. Amenyamaza, basi iko muzuri."

Polycarpe alisikia kwamba kijana alivuka Walikale. Baada ya hapo hakuna aliyemwona, si yeye wala pikipiki.

Mvua zilikuja. Maharage yalichanua, Vestine akapalilia bila kuinua macho. Hakupanda tena ukingoni. Estelle alituma salamu kupitia Dancille; Vestine aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mbegu.

Kisha usiku mmoja nyumba ya jirani ikavunjwa na watu wenye silaha. Jioni iliyofuata Athanase alisimama mlangoni, komeo mikononi, giza likipanda kutoka bondeni. Hakuliweka. Alimgeukia mkewe aliyekaa jikoni karibu na moto.

"Mama Estelle. Sema tu hapana, nitalirudisha ukutani."

Vestine alifungua kinywa. Mbwa wa mlimani walikuwa kimya, njia ilikuwa kimya. Alitazama makaa, na neno halikuja.

Athanase alingoja, akangoja tena. Mwisho akauchukua ukimya wake jinsi mwanawe alivyouchukua kule Hombo, akalisukuma komeo mahali pake.