Risiva Yangu Kwenye Maulidi ya Mzee Hamisi

Mkitaka kucheka chekeni tu, nimeshazoea, maana Msambweni nzima ilicheka na mimi ndiye niliyechelewa kupona.

Wakati ule nilikuwa nikitunza nyumba ya Mzungu mmoja kule Diani, naye alipohama akaniachia risiva yake ya muziki, dude jeusi, zito kama gunia la nazi, spika tano na vitufe ambavyo (nasema kweli) nusu yake sikujua ni vya nini. Niliipenda jamani! Ilikuwa na kitufe kimoja cha kugeuza sauti, ukikibonyeza unamsikia mwimbaji kama yuko ukumbini, ukibonyeza tena yuko uwanja wa mpira, na kioo chake kinaandika jina la mahali penyewe. Chumba changu cha kupanga hakikuwa na hata kabati, lakini uwanja wa mpira ninao.

Sasa, nilikuwa nimemtuma mjomba wangu akaniposee Mwanasha, binti wa Mzee Hamisi, na mzee akasema jibu atalitoa baada ya maulidi ya nyumba yake mpya. Nikasikia anahangaika kutafuta spika za kuazima. Mimi huyoo, mbio! "Shikamoo baba, usijisumbue, chombo ninacho." Akanitazama kama ndiyo kwanza anagundua kwamba nami ni mtu.

Siku yenyewe, baada ya swala ya alasiri, nikafunga spika, nyingine sebuleni kwa wanaume, nyingine uani kwa wanawake, ustadhi akashika maiki akaanza kusoma. Sauti ikatoka kavu lakini safi. Si ningeiacha hivyo hivyo! Lakini nilitaka mkwe aone, nikabonyeza kile kitufe mara hivi, mara vile, mpaka sauti ya ustadhi ikawa nene, tamu, inaviringika chumba kizima, watu wakatikisa vichwa, "Mashallah!", na Mzee Hamisi akanipiga bega. Nikavimba kichwa, nakwambia.

Karibu na mlango wa uani aliketi Mama Wambui, jirani wa kutoka bara aliyealikwa kula pilau, mama mwema asiye na neno na mtu, naye alikuwa akisoma maandishi ya kijani kwenye kioo cha risiva. Akafurahi kwa moyo wake wote.

"Haiya! Kumbe hata nyinyi! Si hapa wameandika kanisa?"

Ustadhi akakatisha kisomo. Watu wote wakageukia kile kioo, na kweli, neno lenyewe lipo, la Kiingereza, herufi kubwa, linawaka. (Mama wa watu akajiziba mdomo, hakukusudia.) Mimi mwili moto, nikairukia risiva, na badala ya kuzima nikabonyeza tena, kioo kikaandika disko. "Toa hiyo!" mjomba ananinong'oneza, nikabonyeza cha pembeni, ikashika redio, na redio wakati huo iko kwenye tangazo la bia, mwanamume anacheka, chupa zinagongana, mbele ya ustadhi na nyuma yake, na kule uani wanawake wameangua kicheko. Nikazungusha kupunguza sauti, kwa haraka nikazungusha kwingine, ikapanda! Mwisho nikang'oa waya ukutani, na feni iliyokuwa kwenye waya uleule ikasimama.

Joto. "Astaghfirullah," akasema Mzee Hamisi, polepole.

Ustadhi, Mungu amzidishie, akatabasamu. "Tuendelee, makoo tunayo." Akasoma kwa sauti yake mwenyewe, watu wakaitikia, na wallahi ilipendeza kuliko risiva. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nalia, nikijua Mwanasha nimemkosa.

Na kweli mzee alikataa katakata. Aliyeniokoa ni Mwanasha mwenyewe, alimwambia baba yake kwamba mtu aliyeaibika vile kwa kutaka kumfurahisha mkwe hana ubaya, ana kiherehere tu. Mzee akalegea. Ndipo, kama ilivyo desturi yetu, binti akaulizwa anataka mahari gani. Mjomba alirudi na jibu huku amejishika mbavu: "Anataka risiva. Yote, na spika zake."

Nikatoa bila kubisha. Kwa hiyo mali ni yake kisheria, rimoti anaifunga pindoni mwa leso, nami nimeapa sitagusa kitufe tena maishani. Nikitaka taarifa ya habari namwomba mwenyewe, na siku akiwa amenuna naenda kuisikiliza kwa jirani.