Kahawa ya Marehemu Haijui Matanga

Juzi barazani huku Mbozi, mwanamume mmoja aliteuliwa msimamizi wa mali ya kaka yake aliyefariki. Barua ya uteuzi aliipokea kwa mikono miwili, goti chini. Mzee wa baraza akamwuliza ataanza lini.

"Tukishaanua matanga, mwezi ujao. Kabla ya hapo cha marehemu hakiguswi."

Mjane akainuka, akaweka mezani tawi la kahawa lenye matunda mekundu, mengine yameshaanza kukauka.

"Shemeji, kugawana kutangoja matanga. Kuchuma hakungoji. Au na mbuzi wake wasinywe maji mpaka mwezi ujao?"

Akamnyoshea kikapu, wala hakuushusha mkono.

Wengi tunaupenda usimamizi, ila kazi yake tunaikimbia, tukajificha matangani. Kikapu yule msimamizi alikipokea kwa mkono mmoja, tena wa kushoto. Lakini alikipokea.