Ncha Isiyokwama

Daktari wa meno wa mtaani kwa kina Tsvetana, katika mji wa Plovdiv, hupasha kioo chake cha kutazamia meno moto kiganjani kwanza, kisha hufumba macho na kupitisha ncha ya sindano ukingoni mwa jino lililozibwa, kama anayesikiliza. Tsvetana alikuja roho mkononi: dawa nyeupe iliyoziba jino lake ilikuwa imeingia weusi.

“Ncha ingekwama, pangekuwa na ufa, ningeziba upya,” alisema daktari. “Haikwami. Hili ni doa la kahawa tu.”

“Lakini dawa hiyo ina miaka kumi na miwili!”

“Wewe una sitini, mama. Nani kakubadilisha?”

Tsvetana akashusha pumzi, akacheka. Daktari akausugua weusi ukatoka, kisha akaona pakiti iliyochungulia mfukoni mwa Tsvetana, akakinga kiganja.

“Lete mbegu za alizeti. Zinavunja meno hizo.”

Tsvetana akampa pakiti nzima. Alipofika kwenye ngazi, akasikia nyuma ya mlango wa daktari: kra, kra, kra.