Riwaya ya Shangazi Kache

Mimi niliyeacha shule darasa la nne, na leo nina machimbo mawili ya mawe Junju, hakuna cha kunishtua. Lakini juzi nilimkuta binti yangu Kadzo akiililia riwaya ileile aliyokuwa akiisoma shangazi Kache.

Alasiri moja nikiwa mtoto, kwetu Kaloleni, shangazi aliwasomea wanawake waliokuwa wakishona makuti. Palinuka maji ya kulowekea, na makuti yakikwaruzana mikononi. Mwanamume wa kitabuni alimfungia mpenziwe chumbani kwa wivu, kisha akalia mlangoni.

"Hayo ndiyo mapenzi, wenzangu!" wakahema.

Mama peke yake alilia kimya. Nilidhani anamhurumia yule mwanamke wa kitabuni. Leo najua kuwa baba naye alikuwa na kufuli.

Mapenzi gani hayo? Mwandishi aliyapamba machozi ya jitu lile kurasa nzima. Mwanamke aliyefungiwa hakumpa hata neno.

"Baba, mchumba wangu yuko vivyo hivyo," Kadzo akaniambia juzi hiyo, akitabasamu. "Majuzi alinifungia ndani, kisha akalia."

Kesho yake nikamrudishia kijana mahari. Pamoja na bei ya mnazi tuliokwisha kunywa, zilinitoka shilingi elfu tisini na sita na mia nne.