Mama Mdogo wa Njia ya Koboko

Kila nikipita penye samaki wakavu, viganja vyangu hutoka jasho. Wenzangu hudhani siwapendi samaki. Nyinyi niwaambie ukweli: harufu ile hunirudisha juu ya lori lililotoka Arua kwenda Koboko, miaka ile ya utawala wa wanajeshi, nikiwa na umri wa miaka minane.

Tulikaa juu ya magunia, kikapu chetu cha samaki wakavu kando, mimi, mama na mwalimu wangu wa darasa la pili. Mwalimu kwao kulikuwa upande wa Lira, na siku zile watu wa huko walichukuliwa na askari majumbani wasirudi. Mumewe alichukuliwa Jumatatu. Mama, Mnubi wa Koboko, kabila la askari wengi wa siku zile, alimpaka mwalimu hina, akamvika mtandio wake aonekane Mnubi mwenzake, kisha akamfunga kitambaa shavuni kama mgonjwa wa jino, maana Kinubi hakujua hata neno moja.

"Huyu ni ndugu yangu mdogo," mama aliniambia. "Watu nauliza, wewe nasema mama mdogo."

Sasa, mwalimu huyohuyo alikuwa amenichapa fimbo mbili kwa kusema uongo juu ya kalamu. Nilimtazama kama ninayeomba ruhusa. Akaitikia kwa kichwa.

Karibu na Koboko tulikuta magogo barabarani na askari sita. Nilipomwona mkubwa wao, moyo ulitulia. Alikuwa Ami Rajabu, binamu wa baba, ambaye kila Ijumaa alikula kwetu na kunibeba mabegani. Nilitaka kumwita. Lakini alinitazama kama mtu anavyotazama jiwe.

"Nyinyi natoka wapi?"

"Arua, afande," mama alijibu, macho chini. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Mama huyu alizoea kumfokea Ami Rajabu kwa kuingia sebuleni na buti zenye matope.

Askari mmoja kijana alipanda, akanyoosha mkono kwenye kitambaa cha mwalimu. "Afande, huyu hapana sema."

"Meno nauma yeye," mama alisema.

Ami Rajabu alinigeukia. "Wewe mtoto. Huyu nani?"

Mkojo ulinishuka miguuni. "Mama mdogo."

"Sema na nguvu."

"Mama mdogo wangu!"

Akapiga teke kikapu chetu, samaki wakamwagika. "Takataka hii nanuka. Dereva, toa hawa mbele yangu." Alitutukana mpaka lori likaondoka. Mwalimu alinishika mkono. Wake ulikuwa baridi kuliko wangu. Kesho yake mjomba alimvusha hadi Sudan.

Ijumaa iliyofuata, tukiwa tumerudi nyumbani, Ami Rajabu alikuja kula. Mama alimpa paja la kuku, na hakuna aliyetaja safari. Nilipoambiwa nimmiminie maji ya kunawa, nilikataa, nikatoka nje. Alichukua birika, akajimiminia mwenyewe. Nilimchukia hivyo mpaka alipokufa vitani, na kifo chake sikukililia.

Nilikuwa mama wa watoto wawili siku niliyomweleza mama chuki ile.

"Rajabu nasimamia harusi yangu," alisema. "Yeye najua watu wote wa nyumba yetu."

Mama ni kitinda mimba. Hajapata kuwa na mdogo. Kati ya askari wale sita, ni mmoja tu aliyelijua hilo, na ndiye aliyetaka nilitaje jina lile kwa sauti, wenzake wote wasikie.